Una homa, kipimo kinasema hakuna malaria, umenyimwa mseto: kwa nini?

Mkuu umeuliza inakuwaje daktari akunyime dawa ya mseto wakati homa unayo na kila mtu anajua malaria inaleta homa. Mi niko maabara ya zahanati, hilo swali napigwa dirishani kila msimu wa mvua, na naomba nijibu taratibu maana watu wanaumia kwa hili.

Hapo umeigeuza ile "kama". Kama ni malaria basi homa, sawa. Kama ni homa basi malaria, hapana, kuna nimonia, UTI, taifodi, zote zinachemsha mwili.

Na si wewe peke yako. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza alitunga jaribio la kadi nne, mfano A, K, 4 na 7, kila kadi herufi huku namba kule, sheria inasema kama kuna irabu upande mmoja basi nyuma yake kuna namba shufwa. Utafunua zipi kuihakiki? Wengi wanachagua A na 4. Jibu ni A na 7, maana 4 hata ikiwa na K nyuma sheria haijavunjwa, ila 7 ikiwa na irabu nyuma imevunjwa. Ila mwaka 1982 watafiti Griggs na Cox kule Florida, Marekani, walivyoifanya iwe "kama anakunywa bia basi awe amezidi miaka 19", karibu robo tatu ya wanafunzi wakapatia. Mambo ya watu tunayaelewa, herufi zinatuchanganya.

Ndo maana mgonjwa simtajii asilimia, nahesabu naye vichwa. Chukulia watu 100 wenye homa, 20 wana malaria kweli. Kipimo kikamate 19, kikose mmoja, na kwa wale 80 kiwasingizie 4. Waliosomeka hawana ni 77, na mwenye malaria humo ni mmoja tu. Homa wote 77 wanayo mkuu! Sasa ukiwapa wote mseto, 76 wanameza dawa isiyo yao na ugonjwa wenyewe unaendelea kula mwili, kwa mtoto mwenye nimonia hiyo ni hatari kabisa. WHO tangu 2010 wanasema pima kwanza ndo utibu.

Hizo namba ni za mfano, mahali penye malaria nyingi huyo mmoja anaongezeka. Kwa hiyo homa isiposhuka usiende duka la dawa, rudi upimwe tena na uwaambie watafute kingine.