Maswali ya Wasomaji: Watoto na Kazi za Kujitolea

SWALI: Nina watoto watatu, wa miaka 5, 9 na 14. Mwezi uliopita niliwapeleka kufanya usafi katika makao ya wazee. Mkubwa alishinda akitazama simu yake, wa kati alifanya kazi kwa shingo upande akingojea zawadi niliyomwahidi, na mdogo ndiye pekee aliyechangamka, ingawa kila mara aliambiwa akae pembeni asisumbue. Natamani wanangu wawe na moyo wa kuihudumia jamii, lakini tulirudi nyumbani nikiona kwamba hawakujifunza chochote. Nilikosea wapi, na nianzie wapi tena?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kueleza mambo jinsi yalivyokuwa, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanatuonyesha pa kuanzia, nako ni kwa huyo mdogo aliyeambiwa akae pembeni. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya majaribio yao na watoto wa miezi 18, ambamo mtu mzima aliangusha kitu na kujifanya anashindwa kukifikia. Wengi wa watoto hao, ambao hata kuzungumza walikuwa hawajaanza vizuri, walikwenda kukiokota na kumrudishia, bila kuombwa wala kuahidiwa lolote. Miaka miwili baadaye watafiti hao walionyesha jambo lingine linalomhusu mwanao wa kati: watoto wa miezi 20 waliopewa kitu kama malipo kila waliposaidia, baadaye walipunguza kusaidia, wakazidiwa na wale waliosifiwa tu na hata wale ambao hawakupewa chochote. Kwa hiyo hamu ya kusaidia hatuipandi sisi, mtoto huja nayo, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaoififisha kwa ahadi zetu, au kwa kumwondoa njiani kwa sababu mikono yake hufanya kazi polepole.

Timiza ahadi uliyokwisha kumpa, kisha usiweke nyingine. Badala yake mtafutie wa miaka 9 kazi ambayo asipoifanya yeye, mtu fulani atapungukiwa. Namkumbuka msichana wa umri huo ambaye kila Jumamosi alikwenda kwa bibi mmoja mshonaji aliyekuwa amefifia macho, akamtungia uzi kwenye sindano kumi, mweupe kwa mweusi, akazichomeka kwenye mto mdogo wa kitambaa, tayari kwa kazi ya wiki nzima. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Lakini Jumamosi moja alipougua, bibi alituma mtu kuuliza hali yake, na kuanzia siku hiyo mtoto yule hakuhitaji kukumbushwa na mtu, kwa maana alijua kwamba anangojewa. Hicho ndicho kilichokosekana katika ziara yenu: wazee wale hawakuwajua wanao kwa majina, na wanao hawakujua ni nani atakayelala vizuri zaidi kwa sababu ya ufagio wao. Ni afadhali kumtembelea mtu mmoja mara kumi kuliko kuwatembelea watu kumi mara moja.

Kuhusu mkubwa, naomba usiharakishe kumlaumu kwa simu ile. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliandika, kwa ajili ya UNICEF, juu ya ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato 8, na vidato vitatu vya chini alivitaja kuwa si ushiriki hata kidogo, yaani pale watoto wanapotumiwa kwa malengo ya wakubwa, wanapokuwa pambo la shughuli, au wanapohudhurishwa ili ionekane kwamba nao walikuwepo. Kijana wa miaka 14 hutambua haraka kwamba amewekwa kwenye kidato cha aina hiyo. Je, alishirikishwa katika kuchagua mahali, siku au kazi yenyewe? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa kulingana na umri na upevu wake. Muulize ni jambo gani katika mtaa wenu linalomuudhi au kumsikitisha, kisha umwachie alipange, hata kama mpango wake utakuwa na kasoro. Huenda simu ile ile ikawa chombo chake cha kazi, kwa mfano kumsaidia mzee kuwasiliana na jamaa zake walio mbali.

Jambo moja niliongeze, na nalisema kwa majuto. Miaka iliyopita niliongoza kikundi cha watoto kusafisha uwanja wa jirani yetu mzee, naye akiwa amelala ndani. Walifyeka na kufagia kwa bidii hadi uwanja ukang'aa. Mzee alipotoka, alisimama mlangoni akitazama kona ya ukuta kwa muda mrefu, ndipo tukagundua kwamba yale tuliyoyaona magugu yalikuwa miche ya maua ya marehemu mkewe. Hakutugombeza. Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba mtoto kwanza aende kuuliza, "Ungependa tukusaidie nini?", na ayasikilize majibu hadi mwisho kabla ya kushika chombo chochote.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Shule yetu inafikiria kumtaka kila mwanafunzi atimize idadi maalumu ya saa za kujitolea. Je, kulazimisha hakuharibu maana ya kujitolea?
Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, ziko sehemu ambako utaratibu huo umekuwapo kwa miaka mingi. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mwanafunzi wa sekondari hutakiwa kutimiza saa 40 kabla ya kupata cheti chake, na jimbo la Maryland, Marekani, nalo lina sharti la huduma, ila hapo huduma huunganishwa na masomo na hupitia hatua tatu: maandalizi, utendaji na tafakari. Mimi sioni tatizo kubwa katika sharti lenyewe, maana hata kusoma tulilazimishwa, na wengi tukaja kupenda kusoma. Tatizo ni kuhesabu saa peke yake, kwa sababu saa ni rahisi kuzijaza na ni rahisi zaidi kuzighushi. Wapeni wanafunzi uhuru wa kuchagua kazi, na wakirudi tengeni muda wa kuzungumza nao: walikuta nini, nani aliwashangaza, kwa nini tatizo hilo lipo hata likahitaji watu wa kujitolea. Watoto waliookota taka mtoni na wasiulize zinatoka wapi, wataziokota tena mwezi ujao.

Angalieni pia usalama. Vioo, sindano zilizotumika na dawa za kemikali si vya kuguswa na watoto, na asiwepo mtoto anayeachwa peke yake na mtu mzima asiyefahamika. Wala huduma isiwe jina jipya la kumfanyia mtu biashara yake bila ujira, kwani kifungu cha 32 cha Mkataba nilioutaja hapo juu kinamkinga mtoto dhidi ya unyonyaji wa kiuchumi.

SWALI: Je, ni vibaya kuwapiga picha watoto wetu wakitoa msaada na kuziweka mtandaoni?
Baba wa wawili

JIBU: Ndugu yangu, kwa mtu anayesaidiwa picha hiyo mara nyingi ni vibaya, kwa sababu aliye na shida huona aibu kukataa mbele ya wale waliomletea msaada. Mtoto naye hujifunza upesi kuitafuta kamera kwa macho badala ya kumtazama mtu aliye mbele yake. Mkihitaji kumbukumbu, pigeni picha ya kazi yenyewe: uzio uliosimamishwa, rafu ya vitabu iliyopangwa, sindano kumi zilizokwisha kutungwa uzi.