Maswali na Majibu: Asilimia ya Nini?

Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Kuna maji ya hidrojeni ya chupa yanayosemwa yanatibu ubongo. Nimnunulie? – Makorora, Tanga

Usinunue. Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliyajaribu kwa wagonjwa wasiofika 20, wakaona dalili za nafuu. Wauzaji wameishia kusoma hapo. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilitoa majibu ya wagonjwa 178 waliofuatiliwa wiki 72, wengine wakinywa maji ya kawaida bila kujua. Tofauti haikuonekana. Isitoshe, kwa mgandamizo wa kawaida lita ya maji haishiki zaidi ya miligramu 1.6 za hidrojeni, na gesi hiyo hupenya plastiki. Chupa iliyokaa rafuni wiki kadhaa ni maji matupu.

Pesa hiyo inunue levodopa, dawa yake ya Parkinson. Kama tumbo halimsumbui, aimeze nusu saa kabla ya kula, maana samaki, nyama na maharage hushindana nayo utumboni. Na asiiache ghafla: mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikapanda.

Tunatengeneza hidrojeni kwa umeme wa sola. Tuihifadhi kwenye mtungi wa gesi ya kupikia? – Pongwe

Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile: hapana. Gesi ya kupikia hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, ndiyo maana kilo 15 zinaenea mtungini. Hidrojeni, kwa mgandamizo wa kawaida, haigeuki mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri. Mtungi huo, wenye lita 36 hivi, kwa baa 7 (yaani mara 7 ya mgandamizo wa hewa) utabeba gramu 20 tu, yaani uniti 0.7 za nishati. Ukiwa na gesi ya kupikia unabeba uniti karibu 190. Mkibakiza hewa ndani mmetengeneza bomu: hidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya mchanganyiko, na mchana moto wake karibu hauonekani. Itumieni palepale inapotoka, au wekeni umeme kwenye betri.

Nimesoma kwamba magnesiamu hubeba hidrojeni asilimia 7.6 ya uzito. Mbona magari ya hidrojeni bado yana mitungi ya baa 700? – Mwanafunzi, Chumbageni

Asilimia 7.6 ya nini? Ya unga peke yake. Chombo, vali na mabomba ya joto havimo kwenye hesabu. Halafu magnesiamu ikishaishika hidrojeni haiiachii kirahisi: kwa baa 1 lazima uipashe hadi karibu nyuzi 280, na joto la kuitoa hula karibu thuluthi ya nishati unayoipata.

Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya lanthani na nikeli huiachia kwenye joto la chumba, lakini inabeba asilimia 1.4 tu. Kilo 5 za hidrojeni zinataka aloi kilo 360. Wakati wa kujaza ndiyo kazi hasa, maana aloi hutoa joto: kilo hizo 5 ukizijaza kwa dakika 5 una kilowati 250 za kuondoa. Tena kila inapojaa huvimba karibu robo, ikapasuka kuwa vumbi linalotulia chini, likaziba vichujio na kubenua chombo.

Ukifika maabara, pima kwanza chombo kitupu, kisha rudia kujaza na kutoa mara nyingi kabla ya kutangaza chochote. Mwaka 1998 watafiti fulani walitangaza asilimia 67 kwenye nyuzi za kaboni, na maabara nyingine hazikuipata.

Daktari anasema kifafa cha mwanangu kimetokana na tegu wa nguruwe. Sisi Waislamu, kitimoto hakijaingia kwetu. Amekosea? – Muheza

Pole mama, hajakosea. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu wa tumboni. Kifafa huletwa na vifuko vya tegu ubongoni, navyo hutokana na mayai ya tegu, nayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu. Mwenye tegu asiyenawa akikukatia kachumbari, umeyala. Mwaka 1992 iliandikwa kuhusu Wayahudi wa New York wasiogusa nguruwe waliopata ugonjwa huohuo, na wafanyakazi wao wa nyumbani walipopimwa, mmoja alikutwa na tegu.

Nawatahadharisha: msimpe albendazole, dawa ya minyoo, ya duka la dawa kwa kukisia. Vifuko vikifa kwa pamoja ubongo huvimba na kifafa huzidi, ndiyo maana daktari huongeza dawa ya kutuliza uvimbe. Na dawa ya kifafa isikatishwe eti miezi miwili hajaanguka.

Akianguka tumwekee kijiko mdomoni? – Korogwe

Msiweke chochote. Mlazeni ubavu, tazameni saa. Zikipita dakika 5, hospitali.

Kweli kuna dawa inayopunguza Alzheimer kwa asilimia 27? – Bagamoyo

Lecanemab. Ilipunguza kasi ya kuzorota, haikurudisha kumbukumbu. Baada ya miezi 18 tofauti ilikuwa alama 0.45 kwenye kipimo cha alama 18, kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo tu. Kwenye utafiti huo ilitolewa kwa dripu kila wiki mbili, na zinahitajika picha za ubongo za MRI za kurudiwa kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Na mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu msimwite wa Alzheimer: mpimeni malaria, sukari na mkojo leo hii.