Unaishi Nairobi, mshahara unatoka Marekani: kodi unadaiwa wapi?

Wanaorudi nyumbani na kazi ya kampuni ya Marekani kwenye laptopu huambiwa mambo mawili yasiyo kweli: kwamba pesa ikiingia benki ya Marekani KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haihusiki, na kwamba ukishahama, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nayo haikudai tena.

Kwa Kenya, ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo hata siku moja ya mwaka, wewe ni mkazi kikodi. Bila makazi hayo, siku 183 zinatosha. Mkazi hutozwa kodi ya mshahara wake popote unapotoka, na kama mwajiri wa nje hakati PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi), kutangaza na kulipa ni juu yako. Ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, hufungwa 30 Juni, lakini kodi yenyewe hudaiwa 30 Aprili. Anayesubiri Juni ameshaanza kuhesabiwa riba.

Marekani humfuata raia wake, na mwenye Green Card, hata akiishi Kisumu. Nafuu ipo: Fomu 2555 huondoa kwenye kodi ya mapato hadi dola 130,000 za kazi kwa mwaka 2025. Haiji yenyewe, lazima upeleke ritani na uidai.

Kinachowaangusha wengi hapo ni hesabu ya siku. Kwa njia ya kuhesabu siku, inayotumiwa na wengi, unatakiwa siku 330 kamili nje ya Marekani ndani ya miezi 12 mfululizo, si lazima Januari hadi Desemba. Siku kamili huanza saa sita usiku na kwisha saa sita usiku. Ukiondoka New York Jumatatu jioni ukatua Nairobi Jumanne, siku yako ya kwanza ni Jumatano. Safari mbili za kwenda kuona ndugu Dallas humaliza nafasi yako upesi kuliko unavyodhani. Isitoshe, ukifanya kazi ukiwa huko, malipo ya siku hizo ni mapato ya Marekani na fomu hiyo haiyagusi. Weka daftari la safari pamoja na tiketi. Muhuri wa pasipoti hufifia.

Ukilipwa kama mkandarasi, yaani mtu aliyejiajiri na si mwajiriwa, hali ni ngumu zaidi. Fomu 2555 haiondoi kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayochangia hifadhi ya jamii ya Marekani, na Kenya haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Marekani wa kukuokoa. Faida ya dola 40,000 hudaiwa takriban dola 5,650 hata kama kodi yako ya mapato ni sifuri. Tenga pesa hiyo kila unapolipwa.

Kwa mwajiriwa anayelipa kodi kamili Kenya, ambako viwango hufika asilimia 35, mimi ningepiga kwanza hesabu ya Fomu 1116, inayopunguza kodi ya Marekani kwa ile uliyolipa KRA. Ziada ya kodi uliyolipa Kenya husogezwa mbele hadi miaka 10. Usirukeruke kati ya fomu hizi: ukiachana na 2555, huwezi kuirudia kwa miaka mitano bila idhini ya IRS.

Kisha kuna FBAR, taarifa ya akaunti za nje ya Marekani, zikiwemo za Kenya, inayopelekwa mbali na ritani. Jumla ya akaunti zako zote hizo ikipita dola 10,000 hata kwa siku moja, unaitoa. Akaunti ya chama cha kuweka akiba ambayo wewe ni mtia saini nayo imo, hata kama hela si zako, na hiyo ndiyo husahaulika sana.

Anayeishi nje hupewa hadi 15 Juni kupeleka ritani ya Marekani, ila riba ya deni huanza 15 Aprili. Aliyechelewa miaka kadhaa kwa kutojua, bila kukusudia, ana njia rasmi ya kurekebisha bila faini: ritani za miaka mitatu na FBAR za miaka sita. Njia hiyo hufungwa pindi IRS ikianza kumkagua.