Gwanda la marehemu mume wangu nilifanyeje?

SWALI

Assalamu alaykum. Mie ni mjane, nakaa Wete, Pemba. Mume wangu alikuwa mwanajeshi wa JWTZ na alikwenda Vita vya Kagera. Mungu amemchukua mwaka jana, edda nimeshatoka. Habari za vita hakupata kunihadithia. Alichorudi nacho ni yale maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Basi hata akitaka kupanda mkarafuu huyasema, na mie humjibu, "Panda basi, jua lishakuwa kali." Lakini radi ikipiga usiku alikuwa akishuka kitandani akakaa chini, mgongo ukutani. Humtilia chai ya mchaichai, akanywa, hatusemi neno.

Ameacha sanduku: gwanda, buti, nishani na picha. Mjukuu wangu anataka avae gwanda siku ya hitma ya mwaka. Shemeji yangu anasema vitu vya maiti havikai nyumbani, vichomwe. Mie kila Ijumaa hulifungua sanduku nikanusa kola. Nifanyeje?

JIBU

Wa alaykum salaam, na shikamoo bibi. Mola amrehemu babu.

Nianze na shemeji, maana huyo ana haraka. Alichoacha marehemu ni mirathi. Kwa kuwa mna watoto, wewe una thumni yako, yaani fungu moja katika manane, na kinachobaki kina wenyewe. Hata shemeji akiwa na fungu lake, hana ruhusa ya kutia kiberiti mali ya wenziwe. Edda ni miezi 4 na siku 10, nawe umeikaa. Hakuna iliposemwa kwamba ikishapita umsahau.

Gwanda ni habari nyengine. Hilo halirithiwi, ni la jeshi. Raia haruhusiwi kulivaa, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi, hata nguo zinazofanana nazo tu, wazisalimishe. Kwa hiyo mjukuu asilivae, hata kwa hitma, hata kwa picha ya simu uani. Mtume mwanao alipeleke kambi ya jeshi iliyo karibu, aeleze ni la nani na kwamba mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Wala msilipeleke kwa fundi likatwe mfuko. Nimeshaona watu wakifanya hivyo.

Najua kola hiyo si kitu chepesi kukitoa. Basi chukua msuli aliokuwa akilalia, kama haujagawiwa, na usiufue. Nguo nyengine zitoeni sadaka kwa niaba yake, zimfae huko aliko. Nishani na picha zibaki kwenu, warithi mkikubaliana.

Lakini mie lililonikaa moyoni ni ile radi. Majeshi yetu yaliingia Mutukula Januari 1979, yakaichukua Masaka mwezi uliofuata, Machi yakapigana Lukaya, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Njia yote hiyo ni mizinga na makombora. Unasema hakupata kukuhadithia. Mie naona kila masika alikuhadithia, nawe ukamjibu kwa mchaichai. Usijilaumu kwamba hukumuuliza. Wengi wa wazee wale ukiwauliza huinuka wakaenda zao msikitini.

Ila wenzake huenda wakasema. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 vitani leo anakaribia 70, kwa hiyo msingoje. Mpe mjukuu kazi hiyo badala ya gwanda: amtafute mzee mmoja aliyekuwa na babu yake, hapo Wete au Chake, akae naye barazani na simu ya kurekodia. Asianze na mambo ya kuua na kuuawa. Aulize walikula nini, walilala wapi, nani alikuwa akiwachekesha. Mengine mzee atayatoa mwenyewe akipenda. Siku ya hitma, kisomo kikishamalizika, watu wakiwa kwenye chai, asimulie aliyoyasikia. Shemeji naye akae asikilize.

Nishani itoe sandukuni, unyevu wa huko kwenu utaila. Ifute kwa kitambaa kikavu, usiisugue kwa majivu wala ndimu, na utepe wake usiufue.