Yankees 2024: si bahati mbaya

Mkuu, umeuliza kama Yankees walikosa bahati tu walipofungwa na Dodgers fainali ya besiboli ya Marekani (World Series) ya 2024. Hapana, namlaumu kocha wao, Boone. Mechi ya tano waliongoza 5-0 nyumbani. Awamu ya tano mchezaji wao Judge akadondosha mpira rahisi kabisa, mwenzake Volpe akarusha vibaya kwenda besi ya tatu, halafu mrushaji wao Cole hakukimbia kufunika besi ya kwanza, jambo ambalo hata watoto hufundishwa mapema! Dodgers wakasawazisha 5-5, wakashinda 7-6. Na mechi ya kwanza je? Wanaongoza 3-2, Boone anamwingiza mrushaji Cortes, aliyekuwa hajacheza tangu Septemba, wakati mrushaji mwingine, Hill, yupo tayari. Mpira wa kwanza wa Cortes kwa Freeman wa Dodgers ukapigwa hadi jukwaani, pointi nne. Inauma mpaka leo.