Kazi za umma za Roosevelt: maswali yenu

Mmetuuliza kuhusu miradi ya ajira ya Rais Franklin Roosevelt wa Marekani iliyoanza 1933, wakati karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

PWA na WPA si kitu kimoja?

Hapana, ni mashirika mawili tofauti. PWA (Shirika la Kazi za Umma, 1933) ilikuwa chini ya waziri Harold Ickes na ilitengewa dola bilioni 3.3 za madaraja, mabwawa na hospitali. Kazi ilipewa wakandarasi. Kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, sharti michoro, kiwanja na zabuni viwe tayari, na Ickes, kwa kuogopa rushwa, alichunguza mikataba bila haraka. Fedha nyingi zikaenda kwenye saruji, chuma na mashine, naye mkandarasi akachagua mafundi wake mwenyewe. Ukitaka daraja, njia hiyo ni nzuri. Ukitaka watu wale mwezi huu, haifai.

Ndiyo maana Novemba 1933 Harry Hopkins, msimamizi wa misaada wa Roosevelt, alipewa CWA, mpango wa dharura wa ajira. Alichukua sehemu kubwa ya watu kwenye orodha za misaada zilizokuwepo, akaanza na kazi za mikono, na kufikia Januari 1934 alikuwa na zaidi ya watu milioni 4. Gharama ilimtisha Roosevelt, mpango ukafungwa majira ya kuchipua. WPA (Shirika la Maendeleo ya Kazi, 1935) ilirithi mbinu hiyo: serikali iliajiri moja kwa moja, na mji au kaunti iliyoomba mradi ikachangia, aghalabu vifaa.

Mishahara ilipangwaje?

Mwaka 1935 WPA ililipa kati ya dola 19 na 94 kwa mwezi, kulingana na eneo, ukubwa wa mji na ujuzi. Lengo lilikuwa kuzidi msaada wa bure bila kushindana na waajiri binafsi. Vyama vya wafanyakazi vilidai viwango vya kawaida vya saa, vikakubaliwa, lakini jumla ya mwezi haikuongezwa. Basi mwashi mwenye kiwango kikubwa alimaliza saa zake mapema na kuondoka, vibarua wakiendelea. Msimamizi apange vipi ujenzi hapo? Sheria ya 1939 iliweka saa 130 kwa mwezi kwa wote, na Julai migomo ikalipuka, kwa kuwa mafundi sasa walifanya saa nyingi zaidi kwa malipo yale yale.

Vijana wa kambi za CCC (kikosi cha kuhifadhi misitu na ardhi) walilipwa ngapi?

Dola 30 kwa mwezi, 25 zikitumwa nyumbani. Kambi moja ilikuwa na watu kama 200, chini ya jeshi. Wanawake hawakuandikishwa, na weusi wengi walitengewa kambi zao.

Je, zilimaliza ukosefu wa ajira?

La. WPA ilifika kilele cha watu milioni 3.3 Novemba 1938, na hata hapo mamilioni walibaki nje, kwa kuwa kwa kawaida kila kaya iliruhusiwa mtu mmoja. Mwaka 1937 Roosevelt alibana matumizi, uchumi ukaanguka tena, na mwaka uliofuata akalazimika kufungua mkoba. WPA ilifungwa 1943, viwanda vya vita vilipokuwa vinatafuta watu.