Kabla hujapanda boti kwenda kupigwa leza

Madoa yangu yalikuja na mimba ya pili, mashavu yote mawili na juu ya mdomo. Wakubwa wakaniambia yataondoka nikijifungua. Mtoto kaanza chuo cha Kurani, madoa yapo. Nikapaka liwa, nikapaka krimu ya soko la Darajani, hapa Unguja, isiyoandikwa kilichomo (hili msiniige, nyingine zina zebaki), na harusi ya wifi yangu ilipokaribia nikavuka kwenda Dar kupigwa leza.

Aliyenishughulikia hakuniuliza hata dawa ninazotumia. Alinivisha miwani, akaanza: ta, ta, ta, kama mafuta ya moto yanaponirukia jikoni, na harufu ya vinyweleo vya uso vikiungua. Nikarudi na boti ya mchana, nikakaa juu kwenye upepo, uso ukiwaka. Jua la mbinguni na jua la majini yote yakanipata. Wiki ya tatu madoa yalikuwa meusi kuliko mwanzo. Mama akanitazama: "Mwanangu, umekuwa chapati iliyosahauliwa kwenye chuma." Harusini nilikaa nyuma.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinifungua macho. Leza huitafuta rangi, na sisi rangi yetu imo ngozi nzima, si kwenye doa tu. Mashine isiyofaa huunguza hata pazima, na ngozi yetu ikiungua huongeza weusi. Kwa ngozi nyeusi mara nyingi huchaguliwa leza iitwayo Nd:YAG, ya mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanomita 1064, inayopenya ndani bila kuchoma sana juu. Hata hiyo si dawa ya kwanza ya madoa ya mimba, maana yana tabia ya kurudi. Basi uliza mashine ni ya aina gani. Ukijibiwa "ya kisasa", chukua mkoba wako. Waombe wajaribu padogo karibu na sikio, kisha usubiri wiki kadhaa. Na vidonge vya uzazi wa mpango vitaje, kwani huchochea madoa haya. Mimi nilikuwa navimeza huku nalilaumu jua.

Kilichonifaa ni kubadili njia ya uzazi wa mpango, krimu ya daktari kwa muda aliousema, na mafuta ya kukinga jua ya SPF 50 (ndicho kipimo cha kinga), yale yenye rangi. Oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida. Shoga yangu husema ukaya, ule mtandio wa kichwani, unatosha. Ukaya haufuniki mashavu!

Shavu la kulia limetakata. La kushoto, linaloelekea dirisha la ofisini, bado lina kivuli. Meza nimeshaigeuza.